Regea

Kuta za Kibokoni ni matumbawe na chokaa,
unene wa mkono, ncha ya kidole hadi kiwiko.
Aliyezijenga alitaka kulizuia jua.
Hakujua atalizuia na wimbi la ruta
iliyotundikwa na Bawazir ghorofa ya pili,
nyuma ya deli la kahawa lisilotumika.

Mtandao huja kwetu kama mdeni:
hukohoa mlangoni, humwona mtu, hugeuka.
Nguzo mbili. Moja. Duara lazunguka.
Kisha dirisha jeusi laniarifu, kwa adabu,
kwamba hapana njia ya kufika popote.

Kompyuta ni ya kaka yangu Faraji,
aliiacha alipokwenda Maskati.
Kipanya kimekufa. Herufi ya p imeng'oka,
naibonyeza kwa kijiti cha kiberiti.
Kila jambo huamrishwa kwa kuandika,
nami nilikuwa na karatasi ukutani, mistari saba:
zima kadi ya hewa
ngoja
iwashe
tafuta majina
chagua la Bawazir, si la kliniki ya meno
toa neno la siri
omba anwani; ukinyimwa, anza tena

na kila mstari, kwa lugha ya mashine,
ulikuwa na vistari, nukta na herufi pweke
zilizosimama kama watu wasiosalimiana.

Mimi mchana niko Shimanzi, ofisi ya forodha.
Faraji hupiga Alhamisi, saa kumi, akiwa mapumzikoni.
Mama hubaki na karatasi.

Mama, ambaye ujana wake alijibizana kwa beti
hadi bibi harusi akasahau kulia,
aliisoma kwa sauti, akihesabu kwa vidole.
"Haina mizani hii. Vina hamna.
Mstari wa sita umejaa kokoto.
Aliyetunga hakutaka isemwe na mtu."
Nikamwambia haikutungwa isemwe.
"Basi mbona wanipa mimi?"

Usiku ule nilizichukua amri saba
nikazifunga katika faili moja,
kama viungo ndani ya kitambaa cha pilau:
ladha ibaki chunguni, kitambaa kitolewe.
Nikaifundisha kungoja sekunde tano,
kisha kumi, kisha ishirini,
isigonge mlango wa watu kwa pupa.
Nikaifundisha, mara ya tisa, kukata tamaa
na kusema hivyo waziwazi.

Nikaiita rudi.

"Rudi!" Mama akacheka. "Mtoto mtukutu ndiye hurudiwa,
kwa ufito. Mtu wa watu huambiwa regea."
Nikafuta. Nikaandika regea.
Silabi tatu, hamna p,
na kidole kimoja chaimaliza.

Alhamisi alinipigia ofisini.
"Limekata mara nne. Nimeliambia regea mara nne.
Limeregea mara nne."
Nilisimama kati ya mafaili ya makontena
nikitabasamu peke yangu kama mwizi.
"Na Faraji?"
Nikamsikia akivuta kiti.
"Faraji hakupokea. Lakini kosa si la mtandao.
Nilitazama. Nguzo zilikuwa tatu."

Jioni nilimkuta amelala kwenye mkeka,
miwani kifuani, feni yazunguka.
Dirisha jeusi lilikuwa wazi bado,
na kijumba cheupe kilipepesa, kikingoja:

regea
Umeunganishwa.
regea
Umeunganishwa.
regea faraji
Sijui neno hilo.
regea faraji
Sijui neno hilo.
regea mwanangu
Sijui neno hilo.

Jibu lile niliandika mimi,
saa nane za usiku, macho yakiniwasha,
ili mashine isimjibu mama yangu kwa Kiingereza.